Sildenafili au tadalafili: tathmini ya mgonjwa wa kisukari baada ya miezi minane

Dawa ninazozitathmini hapa ni mbili, zote za upungufu wa nguvu za kiume, na zote nimezimeza mwenyewe. Ya kwanza ni sildenafili ya miligramu 50, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Viagra, ingawa niliyotumia mimi ni ya jeneriki, yaani yenye kiambato kile kile bila jina la biashara la kampuni ya kwanza, iliyotengenezwa India. Ya pili ni tadalafili ya miligramu 5 ya kumezwa kila siku, dawa ile ile iliyoingia sokoni kwa jina la Cialis. Nina umri wa miaka 57, nina kisukari cha aina ya pili kwa mwaka wa kumi na moja sasa, ninatumia metformini kwa ajili ya sukari na amlodipini kwa ajili ya presha, na ninaishi Tanga na mke wangu ambaye nimeoana naye tangu mwaka 1994. Nayataja haya mapema kwa sababu mtu anayesifu au kuponda dawa hizi bila kusema ana umri gani, anaumwa nini na anameza dawa gani nyingine, hamsaidii msomaji wake kwa lolote. Kidonge kilichomfaa kijana wa miaka 30 mwenye hofu ya usiku wa kwanza kinaweza kumshinda, au hata kumdhuru, mtu wa rika langu ambaye mishipa yake imechoshwa na sukari.

Hukumu yangu naitanguliza. Dawa zote mbili zinafanya kazi, lakini zina masharti, na mimi nilipoteza karibu miezi mitatu nikiilaumu dawa ilhali kosa lilikuwa katika namna nilivyoinunua, nilivyoila na nilivyoingoja.

Nilianza pale wanapoanzia wanaume wengi wa pwani. Nilikunywa supu ya pweza jioni baada ya jioni, nikatafuna karanga mbichi na muhogo mbichi kwa nazi, na kwa aibu nakiri kwamba niliwahi pia kununua unga uliofungwa katika kijipakiti kisicho na jina la mtengenezaji, ule unaouzwa kwa sifa za Kongo. Supu ya pweza ni tamu na nitaendelea kuinywa, ila haikubadilisha chochote. Unga ule ulinipa moyo kwenda mbio na uso kuwaka moto, na sasa najua kwa nini nilipaswa kuogopa. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, ikiwemo ile ya Marekani, zimekuwa zikipima bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume na kukuta ndani yake sildenafili au tadalafili iliyochanganywa kwa siri, bila kipimo kinachojulikana. Huko Singapore mwaka 2008 lilitokea jambo baya zaidi, kwani dawa haramu za nguvu za kiume zilikutwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, na watu 150 walifikishwa hospitalini sukari ikiwa imeporomoka, wanne kati yao wakafariki. Mtu mwenye kisukari aliyekwisha kumeza dawa zake za asubuhi akiusoma mkasa huo hawezi tena kuulamba unga asioujua.

Kidonge changu cha kwanza cha sildenafili nilikinunua Dar es Salaam, tulipokwenda mimi na mke wangu kwa harusi ya mpwa wetu. Duka nililoingia sitalitaja, na pengine si peke yake lenye mwenendo huo. Muuzaji hakuniuliza umri, wala presha, wala dawa ninazotumia. Aliniuliza tu ninataka ya kawaida au ya nguvu, nami kwa kiburi cha kiume nikajibu ya nguvu. Akachukua mkasi, akakata kidonge kimoja kutoka kwenye pakiti yake kwa namna ambayo jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi vilibaki upande wake, akakitia katika bahasha ya kaki na kunirudishia chenji. Baadaye nilitambua kwamba kilikuwa cha miligramu 100, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa siku, na ambacho mtu hapaswi kuanzia.

Usiku huo tulikula pilau la harusi, la nyama ya ng'ombe na samli isiyo ya kuhesabu vijiko. Tulirudi nyumba ya wageni saa nne usiku, nikameza kidonge, nikalala chali nikisubiri kama abiria stendi. Nusu saa ikapita, kisha dakika arobaini na tano, bila dalili yoyote. Mke wangu alikuwa amechoka na shughuli akasinzia, nami nikakasirika na kujifunika shuka. Kilichokuja, baadaye sana, ni kichwa kuuma upande wa nyuma ya macho, pua kuziba, uso na shingo kuwaka, na taa ya barazani kuonekana imezungukwa na rangi ya buluu. Asubuhi niliapa kwamba dawa hiyo ni utapeli. Kwa hakika haikuwa utapeli hata kidogo, na kila kilichonipata usiku ule kina maelezo yake, lakini maelezo hayo niliyapata kwa mtu mwingine wiki kadhaa baadaye.

Mtu huyo kwanza alikuwa daktari wa kliniki yangu ya kisukari. Nilikuwa nimehudhuria kliniki ile kwa miaka kumi bila kulitamka jambo hili, naye alinishangaza kwa kutoshangaa. Aliniambia kwamba kwa mgonjwa wa sukari tatizo hili ni la kutarajiwa, kwa kuwa sukari huharibu mishipa midogo ya damu pamoja na mishipa ya fahamu, na kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo huziba mapema zaidi. Jogoo anaposhindwa kupanda mtungi, kwa maneno yake mwenyewe, huenda anatoa taarifa ya moyo miaka miwili mitatu kabla moyo wenyewe haujasema. Kwa sababu hiyo hakuandika cheti siku ile ile. Alipima presha, akaagiza kipimo cha sukari ya wastani wa miezi mitatu, mafuta ya damu, figo, na homoni ya kiume ambayo damu yake hutolewa asubuhi. Aliniuliza kama uume husimama wenyewe alfajiri, swali ambalo humsaidia kutenganisha tatizo la mwili na tatizo la mawazo, na akaniuliza kama ninaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana, kwa kuwa tendo la ndoa linaudai moyo jasho la kiasi hicho. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi sita iliyopita, au ambaye maumivu yake ya kifua hayajatulia, au ambaye presha yake iko chini ya 90 kwa 50 au imezidi 170 kwa 110, haandikiwi dawa hizi hadi hali hiyo ishughulikiwe.

Swali aliloliuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, lilihusu dawa za moyo zinazowekwa chini ya ulimi. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana ndipo penye hatari ya kifo. Dawa za jamii ya naitreti, kama gliserili trainitreti na isosobaidi dainitreti, hutolewa kwa wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, nazo hutanua mishipa kwa kuongeza naitriki oksidi mwilini. Sildenafili na tadalafili hufanya kazi katika njia hiyo hiyo, ila mwisho wake: zinazuia kimeng'enya kinachoivunja kemikali ambayo naitriki oksidi imeizalisha. Mtu akizitumia zote mbili, moja inafungulia bomba huku nyingine imeziba mfereji wa kutolea maji, na presha inaporomoka hadi ubongo na moyo vinakosa damu. Wala haitoshi kuacha nafasi ya saa chache. Baada ya sildenafili naitreti hazitakiwi kwa angalau saa 24, na baada ya tadalafili kwa angalau saa 48. Ukaribu huu wa dawa hizi na moyo si wa bahati mbaya, kwa sababu watafiti wa Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, walianza kuijaribu sildenafili kama dawa ya maumivu ya kifua. Kwa kifua haikufua dafu, lakini wanaume waliojaribiwa wakaripoti athari nyingine, na tarehe 27 Machi 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa kazi tunayoijua leo.

Kwa dawa zangu mwenyewe hakukuwa na katazo. Metformini haina ugomvi na sildenafili. Amlodipini huongezeana nayo nguvu kidogo, presha ikishuka pointi kadhaa zaidi, na daktari aliridhika kwa kuwa presha yangu imekaa vizuri. Hata hivyo alinionya kwamba siku nitakapoandikiwa tamsulosini au doksazosini kwa ajili ya tezi dume nirudi kwanza kwake, kwani hizo pamoja na sildenafili zinaweza kumwangusha mtu anaposimama ghafla. Wapo pia wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri, ambayo huizuia sildenafili kutoka mwilini kiasi kwamba kipimo kinachoruhusiwa hushuka hadi miligramu 25 ndani ya saa 48; ketokonazoli ya fangasi na antibiotiki ya erithromaisini hufanya vivyo hivyo kwa kiwango chao, na juisi ya balungi kidogo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, yaani huifukuza dawa mwilini haraka hata mtu akadhani ameuziwa bandia. Sioni njia ya mgonjwa kuyakariri haya yote. Mimi huchukua dawa zangu zote katika mfuko wa plastiki na kuzimwaga mezani kwa mfamasia.

Na sasa nije kwa mfamasia, kwa kuwa huduma yake ndiyo iliyoniokolea pesa. Famasi niliyonunulia kwa cheti iko hapa hapa mjini, katika barabara za namba za Ngamiani, nayo kwa nje haina fahari yoyote. Aliyekuwa zamu ni binti wa umri wa mwanangu wa pili. Aliniamkia "shikamoo mzee", nikaitikia, kisha nikasimama pale na cheti kimekunjwa mkononi nikijifanya ninatazama dawa za meno. Alikifungua cheti, akakisoma bila kubadilisha uso, akaniomba nipite upande wa ndani penye kiti, akazungumza kwa sauti ya chini kwa muda wa robo saa hivi. Sijui kama chuo huwafundisha namna ya kutomwaibisha mzee au alizaliwa nayo, lakini kwa kipengele hicho peke yake ninaipa famasi ile alama zote.

Alinionyesha pakiti nzima ikiwa haijafunguliwa: jina la kiambato, uzito wake, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina na anwani ya kiwanda, kijikaratasi cha maelezo ndani yake, na akaniambia kwamba bidhaa husika imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Alinieleza pia kwamba maduka ya dawa muhimu ya mitaani yanaruhusiwa kuuza orodha fupi tu ya dawa za cheti, kwa hiyo ukiona kidonge cha aina hii kinatolewa chini ya kaunta huko, au kinauzwa kwa ujumbe wa simu na kijana wa bodaboda, hakuna mtu anayewajibika nacho. Pakiti ya vidonge vinne vya miligramu 50 nililipia shilingi 8,000. Nilimwuliza kama nisingenunua vya 100 na kuvikata katikati ili kubana matumizi. Alijibu kwamba wapo wanaofanya hivyo kwa kibali cha daktari, lakini vipande havitoki sawa na kidonge kilichokatwa hakistahili kuhifadhiwa muda mrefu.

Kisha akanifafanulia usiku wangu wa pilau, nami nikatamani ardhi ipasuke. Mafuta mengi huichelewesha sildenafili kufika kiwango chake cha juu katika damu kwa takriban saa nzima, na hata ikifika, kiwango hicho kinakuwa kimepungua kwa zaidi ya robo. Hata bila pilau, kidonge kinahitaji kama saa moja, nami nilikuwa nimekata tamaa kabla ya dakika sitini. Kichwa, pua na uso vinatokana na mishipa kutanuka kila mahali, wala si pale tu tunapokusudia, na huzidi kadiri kipimo kinavyokuwa kikubwa. Rangi ya buluu hutokea kwa sababu dawa hugusa kidogo kimeng'enya kingine kilicho katika jicho, nayo huondoka yenyewe. Kinachotakiwa kumkimbiza mtu hospitali ni kupoteza kuona au kusikia kwa ghafla. Jambo la mwisho, ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko mengine, ni kwamba kidonge hakisimamishi uume. Naitriki oksidi inayoanzisha kazi yote hutolewa na mishipa ya fahamu pale mtu anapopata hamu na kuguswa, na dawa inakuja kulinda kile kilichokwisha kuanza. Mwanamume anayelala chali akitazama dari na mke amesinzia ameinyima dawa kitu cha kulinda.

Majaribio yangu ya sildenafili ya miligramu 50, yakiwa nyumbani na kwa utaratibu, yalikuwa tisa. Nilikula chakula chepesi cha jioni mapema, mara nyingi ndizi za kuchemsha na samaki, nikasubiri saa mbili, nikameza kidonge kwa maji, na tukapanga saa moja baadaye. Mara ya kwanza ilikuwa nusu, ya pili vivyo hivyo. Binti wa famasi alikuwa amenitahadharisha kwamba wataalamu hawaihesabu dawa imeshindwa hadi imejaribiwa vizuri mara sita hadi nane, kwa kuwa mwili na woga vyote vinahitaji kuzoea, na bila tahadhari hiyo ningeacha. Kuanzia ya tatu mambo yalikaa sawa, na kati ya zile tisa ninahesabu sita kuwa zilifanikiwa kikamilifu. Sioni hesabu hiyo kuwa mbaya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliohusisha wanaume 268 wenye kisukari, waliosema hali yao imeboreka kwa sildenafili walikuwa asilimia 56, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 10, kwa hiyo sisi wenye sukari tunapaswa kutegemea msaada wa kweli bila kutegemea muujiza. Maumivu ya kichwa yalinipata mara nne, mepesi, yakaisha usiku huo huo. Kiungulia kilinipata mara moja.

Lawama yangu kwa sildenafili ni ya ratiba. Nguvu yake hukaa kwa saa nne au tano hivi, na kwa watu waliooana miaka thelathini, kupanga mapenzi kama miadi ya benki kuna ubaridi wake. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemficha kidonge cha kwanza na kumweleza vyote vilivyofuata, ndiye aliyesema kwamba huwa anaisikia saa ya ukutani. Nilimweleza daktari kwa maneno hayo hayo, naye akaniandikia tadalafili ya miligramu 5 kila siku baada ya kujiridhisha kwamba figo zangu ziko salama, kwani kwa mwenye figo dhaifu sana matumizi ya kila siku hayashauriwi.

Tadalafili ina tabia nyingine kabisa. Nusu ya kiasi ulichomeza huchukua takriban saa kumi na saba na nusu kuondoka mwilini, wakati kwa sildenafili ni kama saa nne, na hiyo ndiyo sababu kidonge kimoja cha miligramu 10 au 20 cha kumezwa kwa nafasi kinaweza kusaidia hadi saa 36. Kidonge kidogo cha kila siku hujijenga na kutulia kwenye damu baada ya siku tano hivi, na kuanzia hapo hakuna haja ya kupanga wala kutazama saa. Chakula hakiizuii. Nilikula pilau, safari hii kwa Idi, na haikudhuru lolote. Ninaimeza saa moja asubuhi pamoja na metformini, na baada ya wiki ya pili nilisahau kwamba ninaitumia, ambayo kwangu ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Ipo pia faida ambayo sikuitegemea: kuamka usiku kwenda haja ndogo kumepungua, na daktari alinithibitishia kwamba kipimo hicho hicho cha miligramu 5 hutumika kutuliza dalili za tezi dume.

Haina dosari? Inazo. Katika wiki mbili za mwanzo nilipata maumivu ya kiuno na mapaja, ya kuchosha kama ya mtu aliyelima, na nusura niache. Ni athari inayofahamika ya tadalafili, na kwangu ilitoweka bila dawa. Bei nayo inauma kwa namna yake, kwani vidonge thelathini vya mwezi vinanigharimu shilingi 30,000, ambazo kwa mtu anayefanya mapenzi mara mbili kwa mwezi ni fujo ya pesa, na mtu huyo naona afadhali abaki na sildenafili. Zaidi ya hayo, kukaa kwake mwilini muda mrefu kuna upande wa pili, kwa sababu mtumiaji wa kila siku hana siku hata moja ambayo naitreti ni salama kwake. Na asidhani mtu kwamba anaweza kuongeza sildenafili juu ya tadalafili siku anayotaka kujionyesha. Hizo hazichanganywi, na kila moja ina kikomo cha mara moja kwa siku.

Kwa vijana nina machache. Nimewaona wakinunua vidonge hivi ilhali hawana tatizo, wakivinywa na vinywaji vya kuongeza nguvu au pombe, ili wasifiwe. Dawa haimwongezei hamu asiye nayo, haikuzi kiungo, haizuii mimba wala maradhi ya zinaa, na pombe nyingi huivunja ile ile kazi iliyonunuliwa huku ikishusha presha. Uume ukisimama kwa saa nne mfululizo bila kulala, hiyo ni dharura ya hospitali, usiku ule ule, kwa sababu damu iliyokwama huua nyama ya ndani, na aliyechelewa kwa aibu anaweza asisimame tena maisha yake yote.

Alama zangu ni hizi: sildenafili ya jeneriki nyota tatu na nusu kati ya tano kwa mtu wa aina yangu, tadalafili ya kila siku nyota nne na nusu, duka la mkasi na bahasha ya kaki halipati hata moja. Vidonge ninavihifadhi katika pakiti yake ndani ya kabati la nguo, mahali ambapo joto la Tanga halizidi nyuzi 30, kwa kuwa droo ya gari, niliyoitumia mwanzoni kwa ajili ya siri, mchana hugeuka tanuri. Sukari yangu, ambayo daktari aliishikilia kuliko vidonge vyenyewe, imeshuka kutoka asilimia 9.1 hadi 7.4 kwenye kipimo cha wastani wa miezi mitatu, na ninatembea kutoka nyumbani hadi Raskazone na kurudi jioni nne kwa wiki.

Kwenye jalada la kadi yangu ya kliniki nimeandika kwa kalamu nyekundu, "Anatumia tadalafili kila siku, asipewe naitreti," kwa sababu mtu akianguka kifua kikibana, muuguzi wa mapokezi atafanya alichofundishwa, na mgonjwa mwenyewe huenda hawezi kusema. Niliona haya kuliandika. Mke wangu ndiye aliyeleta kalamu, na kadi anaitunza yeye, katika mkoba wake.